Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaotaka kuwa waendesha mashtaka Marekani

Wanangu,

Salamu nyingi. Nawaandikia ninyi mnaosomea sheria katika vyuo vya Marekani, pamoja na ninyi ambao mmekwisha kula kiapo cha uwakili huko, watoto wa familia zilizotoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi na Rwanda, ambao wengi wenu mmeniambia kwamba mnatamani kusimama mahakamani siku moja kwa niaba ya serikali kuu ya nchi hiyo. Ni tamaa njema, nami niliyestaafu nikiwa mwendesha mashtaka nyumbani Tanzania naifurahia kwa moyo wote. Lakini sitawaficha kilichonifanya nishike kalamu. Katika mazungumzo ya mtandaoni mliyonialika kama mzee wenu, mmoja wenu, tena msomi mwenye ufasaha, alisema kwamba kwa kuwa mkuu wa mashtaka huteuliwa na Rais, basi Rais akitaka fulani ashtakiwe, kazi iliyobaki ni kuandika hati ya mashtaka. Na wale waendesha mashtaka waliojiuzulu mwaka 2025 kuliko kutii amri za wakubwa alisema walichezea riziki zao. Nilingoja mwenzenu ampinge. Nilichosikia ni makofi.

Nusu ya maneno yale ni kweli, na ndiyo maana yanapotosha. Sheria ya mwaka 1789 iliyoanzisha mahakama za serikali kuu ya Marekani iliweka katika kila wilaya ya mahakama mtu mmoja mjuzi wa sheria awe wakili wa dola. Leo wilaya hizo ni 94 na wakuu wa mashtaka ni 93, kwa sababu Guam na Visiwa vya Mariana Kaskazini vinatumia mmoja. Rais humteua, Seneti humthibitisha, hupewa miaka minne, na Rais anaweza kumwondoa kabla haijatimia. Mwaka 1993 Mwanasheria Mkuu Janet Reno aliwataka wakuu waliorithiwa kutoka utawala uliopita wajiuzulu, na Machi 2017 Jeff Sessions alifanya vivyo hivyo kwa 46 waliokuwa wamebaki. Hayo siyalaumu. Wapiga kura wakibadilisha serikali wana haki ya kuona vipaumbele vikibadilika, kama ni dawa za kulevya, uhamiaji au ulaghai wa mabenki.

Ila kuchagua aina ya uhalifu utakaofuatiliwa kwa nguvu ni jambo moja, na kumchagua mtu kwanza kisha kumtafutia kosa ni jambo jingine kabisa. Robert Jackson, alipokuwa Mwanasheria Mkuu, aliwakusanya wakuu wa mashtaka mjini Washington tarehe 1 Aprili 1940 akawaambia kwamba hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika kazi yao, kwa sababu vitabu vya sheria vimejaa makosa mengi kiasi kwamba mtu yeyote akichunguzwa kwa kinyongo hakosi kupatikana na lolote. Miaka mitano kabla yake Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, katika kesi ya Berger, ilikwisha kusema kwamba maslahi ya serikali katika kesi ya jinai ni haki itendeke, hata kama maana yake ni serikali kushindwa. Mnayasoma haya darasani na mnayafaulia mitihani. Nashangaa jinsi yanavyowatoka mara mtu anapotaja cheo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni njia ambayo mtu huingilia ofisini.

Sheria ya Marekani inasema mkuu wa mashtaka akiondoka, Mwanasheria Mkuu anaweza kuweka mtu wa muda kwa siku 120, na siku hizo zikiisha bila Seneti kumthibitisha mwingine, majaji wa wilaya husika ndio wenye uwezo wa kujaza nafasi. Kifungu hicho kinaonekana kidogo, na wengi wenu mnakiruka mkisoma. Wanasiasa hawakuwahi kukiruka. Machi 2006, ndani ya sheria ndefu ya kupambana na ugaidi, ukomo wa siku 120 ulifutwa kimyakimya, hivyo mtu wa muda akaweza kukaa bila kikomo na bila kupita mbele ya Seneti. Mwaka huohuo Bud Cummins, mkuu wa mashtaka huko Arkansas, aliombwa aondoke ili nafasi yake apewe Tim Griffin, aliyekuwa msaidizi wa Karl Rove, mshauri wa kisiasa wa Rais, katika Ikulu, na tarehe 7 Desemba wakuu wa mashtaka saba wakaambiwa siku moja kwamba wajiuzulu. Wote walikuwa wameteuliwa na Rais George W. Bush mwenyewe.

Mmojawapo alikuwa David Iglesias wa New Mexico. Alitoa ushahidi mbele ya Bunge kwamba Oktoba 2006 Seneta Pete Domenici, mtu wa chama chake na aliyewahi kumpendekeza kwa cheo kile, alimpigia simu nyumbani kuuliza kama watuhumiwa wa rushwa wa chama cha Democratic wangefikishwa mahakamani kabla ya uchaguzi wa Novemba. Alipojibu kwamba hadhani hivyo, simu ilikatwa. Nilipousoma ushahidi ule mara ya kwanza nilitetemeka, maana nami nimewahi kupokea simu ya mkubwa aliyetaka kujua jalada limefika wapi, na kila mwendesha mashtaka anajua swali kama hilo halina haja ya kumaliziwa. Anayeuliza hakuamuru chochote. Amekukumbusha tu kwamba anakufahamu, na kwamba anafahamu ulipatikanaje.

Bunge liliurudisha ukomo wa siku 120 mwaka 2007, na Mwanasheria Mkuu Alberto Gonzales akatangaza kujiuzulu Agosti ya mwaka huo. Mwaka uliofuata wakaguzi wa Wizara ya Sheria walihitimisha kwamba utaratibu mzima wa kuwaondoa watu wale ulikuwa na kasoro ya msingi. Watu wa rika langu tuliamini somo limeeleweka.

Tazameni basi kilichotokea Virginia mwaka 2025. Erik Siebert, mkuu wa mashtaka wa Wilaya ya Mashariki, aliondoka tarehe 19 Septemba, baada ya vyombo vingi vya habari kuripoti kwamba ofisi yake haikuona ushahidi wa kutosha dhidi ya watu ambao Rais Trump aliwataka washtakiwe. Kesho yake Rais alimwandikia Mwanasheria Mkuu Pam Bondi hadharani akihimiza hatua zichukuliwe bila kuchelewa zaidi, akiwataja James Comey, mkurugenzi wa zamani wa shirika la upelelezi la FBI, Letitia James, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, na Seneta Adam Schiff, wote watu aliokuwa amegombana nao. Tarehe 22 akaapishwa Lindsey Halligan, aliyewahi kuwa wakili wa Rais, mtaalamu wa kesi za bima ambaye hakuwa amewahi kuendesha mashtaka. Tarehe 25 alikwenda peke yake mbele ya baraza la raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe, akatoka na mashtaka dhidi ya Comey, siku chache kabla ya muda wa kisheria wa kumshtaki kwisha. Oktoba ikafuata zamu ya Letitia James.

Tarehe 24 Novemba Jaji Cameron McGowan Currie alizifuta kesi zote mbili. Hakusema kwamba washtakiwa hawana hatia, na nawaomba mlitambue hilo kwa uaminifu hata kama mnampenda au kumchukia mmoja wao. Alisema siku 120 zilikuwa zimekwisha kutumika kwa Siebert, kwa hiyo Mwanasheria Mkuu hakuwa na uwezo wa kumweka Halligan, na kwa kuwa ni Halligan pekee aliyewasilisha mashtaka yale, yalikuwa batili. Serikali haikukubaliana na uamuzi huo. Ikajaribu tena dhidi ya James mwezi Desemba, na mabaraza mawili ya raia wa kawaida yakakataa kumshtaki.

New Jersey habari ilikuwa hiyohiyo kwa sura nyingine. Alina Habba, aliyekuwa wakili binafsi wa Rais, aliwekwa kwa muda Machi 2025. Siku zake zilipokaribia kwisha majaji wakamchagua Desiree Leigh Grace, mwendesha mashtaka wa siku nyingi katika ofisi ileile, naye akafukuzwa kazi upesi ili Habba abaki kwa jina jingine la cheo. Agosti Jaji Matthew Brann aliamua kwamba tangu Julai alikuwa ofisini bila uwezo halali, mahakama ya rufaa ikakubaliana naye tarehe 1 Desemba, na wiki moja baadaye Habba akajiuzulu. Waliofungua pingamizi lile walikuwa washtakiwa wa kesi za kawaida. Fikirini, wanangu, juu ya aliyeibiwa, juu ya mama wa kijana aliyeuawa kwa risasi, ambaye kesi yake inasimama kwa miezi mawakili wakibishana kama mkubwa wa ofisi ni mkubwa kweli.

Aliyewekwa ukaimu kwa hisani anafanana na mpangaji aliyepewa chumba kwa maneno bila mkataba: kila mlango ukigongwa anadhani ametumiwa mtu wa kumtoa. Hana Seneti iliyomhoji na kumthibitisha, hana majaji waliomchagua, hana miaka minne mbele yake. Ana mtu mmoja tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 157, inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma miaka minane isiyorudiwa, na yetu ya Tanzania, ibara ya 59B, inamtaka awe huru na asiingiliwe na mtu yeyote. Siwadanganyi kwamba maneno hayo yametosha kutulinda. Tumeziona kesi za kubambikiwa watu na tumezizika nyingi kwa ukimya wetu. Lakini Wamarekani hawajaandika hata hayo. Uhuru wa mwendesha mashtaka wao umekaa juu ya mazoea, juu ya watu kuona haya, na juu ya vifungu vidogo kama hicho cha siku 120.

Mtaniambia kwamba Danielle Sassoon naye aliwekwa kwa muda, na utawala huohuo, katika ofisi ya Manhattan. Ni kweli, na ni yeye aliyenifanya nisimkatie tamaa kila kaimu. Tarehe 13 Februari 2025 alijiuzulu kuliko kutekeleza amri ya kuifuta kesi ya rushwa dhidi ya meya wa New York, Eric Adams, na wenzake kadhaa wakafuata. Huyu si mtu wa upinzani. Aliwahi kuwa karani wa Jaji Antonin Scalia, mhafidhina mashuhuri wa Mahakama ya Juu kabisa. Lakini kabla ya cheo alikuwa na kazi yake mwenyewe: miaka ya kesi mahakamani, ikiwemo ile ya ulaghai ya Sam Bankman-Fried, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, mwaka 2023. Kaimu wa aina hiyo anaweza kuondoka kwa sababu cheo hakikumfanya mtu. Aprili, Jaji Dale Ho aliifuta kesi ya Adams kwa namna ambayo haiwezi kufunguliwa tena, akikataa ibaki ikining'inia juu ya kichwa cha meya. Sassoon ndiye mliyesema juu yake, kwa makofi yenu, kwamba alichezea riziki.

Mengine nitayataja tu. Someni jalada lote kabla hamjasema lolote. Andikeni kila maagizo mliyopewa kwa mdomo, na tarehe yake. Msizungumze na waandishi wa habari juu ya mtuhumiwa ambaye hajashtakiwa. Msipokee simu ya mwanasiasa kuhusu kesi, mwelekezeni wizarani. Wekeni akiba ya miezi sita, kwa maana dhamiri ya mtu mwenye deni la nyumba hubanwa haraka.

Na ninyi wazazi mtakaosoma barua hii ya watoto wenu, nina neno nanyi. Mtoto akiteuliwa tunachinja mbuzi, tunapiga picha, tunasambaza pongezi katika makundi yote ya jamaa, na hakuna anayeuliza amechukua nafasi ya nani na yule alitolewa kwa kosa gani. Tunataka "mtu wetu" ndani, basi. Halafu tunaifuata tabia mbaya ya nchi mnayoishi, ambako nusu ya watu hushangilia shtaka kwa kuwa limempata wa upande mwingine, na upande ukigeuka wanaoshangilia wanakuwa wale waliolia jana. Kijana aliyelelewa katika shangwe za namna hiyo atapata wapi ujasiri wa kurudisha barua ya uteuzi? Mfundisheni kwamba kuna vyeo ambavyo familia yake itamheshimu zaidi akivikataa.

Narudi kwenu wanangu. Sitaki mwogope kazi hii. Nataka muingie kwa njia ya kawaida, kama wasaidizi walioajiriwa kwa uwezo wao, mjifunze kwa wakongwe wa ofisi, na siku mtakapoitwa kuongoza mwulize maswali matatu kabla ya kusema ndiyo: aliyekuwepo ameondokaje, nitathibitishwa na nani, na kuna kesi gani wanayoingojea kutoka kwangu.

Wale wenye uraia mna jambo la kufanya hata kabla ya kuhitimu. Ugomvi wa Virginia ulipata nafasi kwa sababu serikali ilidai kwamba kila mtu mpya wa muda huja na siku 120 mpya, na kifungu hakikuandikwa kwa uwazi wa kuizuia hoja hiyo isifikiriwe. Sentensi moja ya Bunge ingetosha: kwamba siku hizo ni 120 kwa nafasi iliyo wazi, hata wakiwekwa watu wangapi. Kila jimbo lina maseneta wawili. Waandikieni, mkitaja kifungu na kesi kwa majina, mkitia sahihi zenu, na mnitumie nakala nizisome.

Ni mimi mzee wenu, nawapenda.