Kontrola mbili peke yake hazitoshi: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa TEHAMA wa hospitali ya rufaa

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Wi-Fi ya wodini kontrola inapozima

Kabla hujasaini zabuni, tunakuomba urudie kile kipengele kinachosema "kontrola mbili", yaani vifaa viwili vinavyosimamia akses pointi (vituo vidogo vinavyorusha Wi-Fi). Kontrola hizo zinaweza kufungwa kwa namna mbili, na tofauti yake ataiona muuguzi mwenye tableti mkononi.

Namna ya kwanza ni N+1, yaani kontrola za kazi pamoja na moja ya akiba. Kila akses pointi huandikiwa kontrola ya msingi na ya akiba. Ya msingi ikizima, akses pointi haijui papo hapo. Kwa mpangilio wa kawaida wa vifaa vya Cisco, akses pointi hutuma pigo la kuulizia kila sekunde 30. Ikikosa majibu hurudia mara kadhaa, ndipo ijiunge na ile ya akiba. Vifaa vyote vilivyokuwa hewani hukatika na kuanza upya kuthibitishwa.

Namna ya pili ni SSO (Stateful Switchover, makabidhiano yasiyopoteza taarifa), na ndiyo tunayoitaka wodini. Kontrola iliyosubiri huwa imeshanakili taarifa za kila akses pointi na kila kifaa, hivyo akses pointi hazilazimiki kujiunga upya. Kifaa kilichokuwa katikati ya kuthibitishwa kitaanza upya. Hapo fundi hana kosa.

Kwa Catalyst 9800, aina ya kontrola za Cisco, kontrola zote mbili ziwe modeli moja na toleo moja la programu. Huulizana kila milisekunde 100 kupitia mlango wa RP (Redundancy Port, unaounganisha kontrola hizo mbili). Zikikaa majengo tofauti, safari ya kwenda na kurudi isizidi milisekunde 80, na njia iwe na angalau Mbps 60.

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. RP ikiwa njia pekee ya kuonana, siku waya ukikatika kila kontrola huamini mwenzake amekufa. Zote huwa kuu kwa anwani ileile ya IP, na mtandao huvurugika kuliko kama ungekuwa na kontrola moja. Agiza RMI (Redundancy Management Interface, njia ya pili ya kontrola kuonana) iwashwe, na ipite kwenye swichi na mfereji tofauti na wa RP. Umeme nao: UPS mbili, si soketi mbili za UPS moja.

Zahanati zilizo mbali zitumie FlexConnect, mpangilio wa akses pointi za matawi, yenye kupitisha data palepale bila kuipeleka kwanza kwenye kontrola. Kiungo cha makao makuu kikikatika, waliounganishwa hubaki. Lakini wanaoingia upya kwa 802.1X (uthibitisho wa kila mtumiaji) hukwama kama RADIUS, seva inayowathibitisha, iko makao makuu tu, na DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, ikiwa huko huko, hata waliobaki hupoteza anwani muda wake ukiisha. Weka DHCP kwenye ruta ya zahanati.

Malipo ya mwisho yasubiri jaribio. Amri ya redundancy force-switchover haitoshi, maana hayo ni makabidhiano ya hiari. Piga simu kwa Wi-Fi, kisha chomoa waya wa umeme wa kontrola kuu. Urudishe, subiri hadi show redundancy ionyeshe STANDBY HOT, yaani ya akiba iko tayari, halafu uchomoe na wa ile nyingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wahandisi wa mitandao