Harambee ya tanga: jahazi limefungwa gatini na watoto wamo ndani

Wazazi, wanafunzi wa zamani na nyote mnaotutakia heri,

Mwaka jana tuliwabishia hodi tukiomba majaketi ya kuokolea maisha, nanyi mkatoa hata majaketi yakazidi vichwa. Kurudi mlangoni kwenu mapema hivi kunatutia haya, lakini mtoto akilia hachagui saa.

Jumatatu alfajiri wanafunzi 24 walipanda chomboni kwa mara ya kwanza. Waliodhani watatweka tanga papo hapo walikosea. Kwanza walionyeshwa pa kulala, namna ya kufunga jaketi, na la kufanya mtu akianguka majini: mmoja apige kelele, mwingine amnyooshee kidole wala asimwondolee macho hata sekunde moja. Serahangi, mkuu wa mabaharia, akawagawa zamu za saa nne nne. Ndipo wakakabidhiwa henza, kamba ya kupandishia tanga. Foromali, boriti linalobeba tanga, ni zito, halipandi kwa ubabe wa mmoja, na mvulana ambaye darasani hatujawahi kusikia sauti yake ndiye aliyeanzisha wimbo wa kuvutia. Wenzake wakaitikia, tanga likajaa, jahazi likalala ubavu.

Kabla ya adhuhuri nusu yao walikuwa wametapika. Serahangi aliwaambia watazame mbali, pale bahari na mbingu zinapokutana, na waliotii walipata nafuu. (Mwalimu wa hesabu alitapika wa kwanza. Tumeahidi kutomtaja.) Mwalimu huyo alipopata nguvu aliwapa zoezi: tupeni kibao majini omo, yaani mbele ya chombo, hesabuni sekunde hadi kifike tezi, nyuma yake. Jahazi lina mita 18, kibao kilichukua sekunde 9. Wakapiga hesabu na kupata karibu maili 4 za baharini kwa saa, kila maili ikiwa mita 1,852. Hakuna aliyeuliza hesabu hizi zina faida gani.

Saa 8 mchana, tukihamisha foromali upande wa pili wa mlingoti, tanga likapasuka kutoka kwenye dasi, kamba ya ukingoni, hadi katikati. Hakuumia mtu, Mungu ashukuriwe. Tulikokotwa na boti ya injini hadi gatini, watoto kimya kama waliofiwa.

Upepo hatuusingizii. Jua na chumvi vilikwisha kula nyuzi za tanga lile, nasi tulikuwa tukishona kiraka juu ya kiraka tukiomba lipite msimu mmoja zaidi. Mwenye chombo alitupa jahazi bure kwa sharti moja tu, kwamba matanga yawe juu yetu. Sharti hilo hatukulitimiza.

Tangu jana watoto wanalala humo humo wakiteka ngama, maji yanayovujia chomboni, kwa ndoo kwa zamu, maana chombo kilikaa nchi kavu muda mrefu, mbao zikakauka na kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, ikalegea. Tuliwaambia waende nyumbani. Wamekataa.

Tunahitaji turubai la tanga jipya, kamba ya dasi, pamba na mafuta ya kalafati, na ujira wa mafundi wawili. Hesabu ya fundi imebandikwa mlangoni mwa ofisi. Kila mchango una stakabadhi, na matumizi yatasomwa mbele ya wazazi wote.

Kuna ahadi za harambee iliyopita ambazo bado zimo daftarini. Majina hatutayasoma. Wenyewe wanajijua, na baadhi yao walipigwa picha wamevaa majaketi, wakitabasamu vizuri sana.

Asiye na fedha aje na mikono, kwani tanga hushonwa kwa mkono na sindano tunazo. Tukutane Jumamosi saa 3 asubuhi gatini, ubavuni mwa jahazi. Njooni na ndoo pia.

Mola awazidishie mlikotoa.

Kamati ya Wazazi na Walimu