Sare zetu za vita vya Kagera zisisomwe kwenye habari za majambazi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mzee wa hapa Tukuyu, nilipigana vita vya Kagera, vile vya kumtoa Idi Amin wa Uganda, na jambo langu ni kuhusu sare.

Mwezi uliopita mjukuu wangu karudi toka mnadani na suruali ya mtumba ya mabakamabaka, kafurahi kweli, nikamwambia hiyo usivae baba, utaingia matatani, Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 raia wasalimishe sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Hakubisha. Ila akaniuliza, sasa babu wewe kule Uganda ulivaa za namna gani? Nikaanza kueleza, naonyesha kwa mikono hapa mkanda, hapa shanta, nikaona kijana anajitahidi tu kuelewa.

Sheria naiunga mkono, tena sana, kuna watu wanavaa hizo nguo wanaenda kupora. Kinachoniuma ni kwamba sare siku hizi tunaisoma gazetini pale tu inapokamatwa. Sisi tuliozivaa tulizipenda jamani.

Baba yangu alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, vita vya pili vya dunia alienda Bama (Burma) kupigana na Wajapani, walipita Bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua inanyesha na matope mpaka magotini, na aliporudi alirudi na kabuti. Wana Rungwe wa umri wangu wanalijua kabuti la keya. Zito, sufu nene inayowasha shingoni, likilowa linanuka kama kondoo aliyenyeshewa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza tulilala watoto watatu chini yake. Baba alilivaa kwenye misiba na kwenye mikutano ya kijiji, na akishalivaa anatembea tofauti, mgongo unanyooka. Lilipochakaa mama alilikata akamfunikia mtoto mchanga, vifungo vya shaba viko kwa dada yangu hadi leo.

Sisi wa Kagera tulirudisha vyote. Mwaka 1980 nimesimama mbele ya meza ya stoo, karani anasoma karatasi, kombati jozi mbili, mkanda, chupa ya maji, helmeti, shanta, unaweka kimoja kimoja na yeye anaweka tiki. Ilipofika buti mkono ukawa mzito.

Hizo buti zina habari yake. Novemba 1978 Amin ameshaingia mpaka mto Kagera na daraja la Kyaka limevunjwa, Mwalimu ameshatangaza vita, vijana tulikuwa wengi, JKT, mgambo, polisi, magereza, basi unachopewa stoo ndicho hicho hicho. Mimi navaa namba 8 nikapewa 10. Nikavaa soksi mbili, mbele nikasokomeza vitambaa, bado kisigino kinapanda na kushuka mpaka kikachubuka. Kumbe kwenye seksheni yetu kuna kijana wa Singida, mrefu kama mlingoti, yeye kapewa 8, anatembea vidole vimekunjwa na hasemi. Tuligunduana kwenye handaki usiku, tukabadilishana gizani kwa kupapasa, hata kuongea hatukuongea maana adui hakuwa mbali. Asubuhi nilipofunga zile kamba nikasimama, nakwambia Mhariri, nilijisikia nina miguu mipya.

Watu wakisikia vita wanawaza mizinga. Sisi tulitembea. Mutukula, Masaka, Lukaya, Kampala, na wapo walioendelea mpaka Arua. Masaka mpaka Kampala peke yake ni kilometa kama 130, na pale Lukaya barabara inapita kwenye kinamasi, mwezi wa tatu, mvua juu na maji chini. Buti likilowa linakuwa jiwe. Ukivua usiku unakuta ngozi ya unyayo imekuwa nyeupe imejikunja kama ya mtu aliyefua kutwa nzima, soksi unazikamua unaziweka tumboni ndani ya shati mpaka asubuhi, ndiyo namna pekee zinakauka kidogo. Dawa ya viatu hakuna, tulipaka mafuta ya kusafishia bunduki, na yale mafuta yalifanya ngozi ya buti ikawa laini vizuri sana, mpaka leo nikipita kwenye gereji nikasikia harufu ya oili nakumbuka bunduki yangu, SMG ya Kichina, ile yenye singe ya kukunja ya pembe tatu.

Na kombati nayo. Ikiwa mpya ni ya kijani kilichoiva, ngumu, inakukwaruza mapajani, tunaingia Kampala imeshapauka magotini na imekuwa laini kama kanga ya bibi, mfuko wa kushoto una kiraka nilichoshona mwenyewe kwa uzi mweusi. Ile naitamani hata leo, sio niivae, niishike tu.

Kilichobaki kwangu ni mestini moja, kile chombo cha bati cha askari cha kulia chakula. Yule wa Singida aliniachia tulipoagana na sijamwona tena. Alikuwa amechora ubavuni kwa ncha ya singe, MUTUKULA, MASAKA, LUKAYA, halafu KAMPALA 11.4.79, herufi zimepinda kwa sababu alichora akiwa amekaa chini kaipakata. Siku ile ya suruali ya mtumba nikaitoa kabatini nikampa mjukuu, akawa anazifuata kwa kidole moja moja, akanyamaza, kisha akauliza Lukaya ni wapi. Tukakaa mpaka saa nne usiku.

Sasa naomba hivi. Wale wa vita vya kwanza vya dunia wana sanamu ya Askari pale Posta Dar es Salaam tangu 1927, ukitaka kujua walivaaje unasimama unaangalia. Makumbusho ya Taifa na jeshi letu wapite na huku mikoani kwa wazee wa Kagera wakati bado tunaongea, wachukue mestini, chupa, picha za studio, waandike nani alibeba nini na kilimfaa vipi. Kama kuna familia imekuta sare ya marehemu sandukuni, iwepo njia ya kuikabidhi na jina lake liandikwe, isiishie kuchomwa moto kwa woga. Na nyinyi gazetini, Julai 25 kwenye Siku ya Mashujaa, picha za mashada tumeshaziona, tupeni hata ukurasa mmoja wa picha za zamani za hao wazee.

Mestini yangu naitoa, ilimradi waandike kwamba aliyechora ni kijana wa Singida, sio mimi. Mjukuu kasema atanisindikiza kuipeleka, iwe Dar es Salaam au Kaboya kule Muleba walikolala wenzetu.

Askari mstaafu,
Tukuyu, Rungwe