Mwanangu, hakiki kwenye mlinganyo ule mwingine

Mwanangu mpendwa,

Chukua milinganyo hii miwili, utafute x na y kwa njia ya kubadilisha:

5x − 3y = 21
2x + y = 4

Kabla hujaandika chochote, tafuta herufi isiyo na namba mbele yake. Hapa ni y ya mlinganyo wa pili. Itenge: y = 4 − 2x. Ukianza na x ya mlinganyo wa kwanza utapata (21 + 3y)/5, na hiyo 5 utaiburuta hadi mwisho wa kazi.

Sasa nenda kwenye mlinganyo wa kwanza, uweke 4 − 2x mahali pa y. Usisahau mabano:

5x − 3(4 − 2x) = 21

Hiyo −3 inazidisha vyote viwili vilivyo ndani. −3 mara 4 ni −12. −3 mara −2x ni +6x. Unapata 11x − 12 = 21, yaani 11x = 33, x = 3. Irudishe kwenye y = 4 − 2x, nayo y ni −2.

Wengi hapo huandika −6x. Wakiendelea hivyo wanapata x = −33 na y = 70, kisha wanajaribu kwenye 2x + y = 4: −66 + 70 = 4. Imekubali! Daftari linafungwa. Lakini ilikuwa lazima ikubali, maana y ilitoka humo humo. Hakiki kwenye mlinganyo ule mwingine: 5(−33) − 3(70) ni −375, mbali kabisa na 21. Majibu yetu yanatoa 15 + 6 = 21.

Kuna na kosa lingine la ukoo huohuo. Ukiweka 4 − 2x kwenye mlinganyo ulikoitoa, unapata 2x + 4 − 2x = 4, x inatoweka, unabaki na 4 = 4. Hujagundua kitu, umezunguka tu. Kutoweka kwenye maana ni kule kunakotokea unapotumia milinganyo yote miwili. Mfano, 2x + y = 4 pamoja na 6x + 3y = 10 hukupa 12 = 10: ukiichora milinganyo hiyo kwenye grafu, mistari yake ni sambamba, haikutani, hakuna jibu. Ile 10 ingekuwa 12, mistari ingekuwa mmoja uleule, na kila nukta iliyo juu yake ingekuwa jibu.

Na kama kila herufi ina namba yake, kama 3x + 4y = 10 na 2x + 5y = 9? Andika x = (9 − 5y)/2, iweke kwenye ule wa kwanza, kisha zidisha kila kipande kwa 2, hata 4y na ile 10 ya kulia: 27 − 15y + 8y = 20. y ni 1, x ni 2. Anayezisahau hizo mbili huishia na 11y = 17. Mimi, kwa milinganyo ya sura hii, ningetumia njia ya kuondoa, yaani kujumlisha au kutoa milinganyo ili herufi moja ifutike.

Mama yako