YAH: KENGELE YA DHARURA YA MAMA YANGU KUFUNGWA NA KITUO CHENU AKIWA AMELALA SAKAFUNI

Mikindani, Mtwara
2 Desemba 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nakuandikia kwa heshima kwa sababu ndivyo mama alivyonilea. Nimekaa siku kumi na nne nikingoja hasira ishuke. Haijashuka.

Mkataba mnao, fomu niliyojaza mnayo, na utaratibu wa kituo chenu cha simu mnaujua kuliko mimi. Nakwenda moja kwa moja kwenye usiku wenyewe.

Jumatatu kuamkia Jumanne, tarehe 18 Novemba, mama aliamka kwenda bafuni, lile la uani. Binti anayelala naye alikuwa msibani Naumbu. Mimi nilikuwa Tandahimba. Huu ni msimu wa korosho, na karani wa ghala hapewi ruhusa malori yakiwa foleni. Kwa sababu hiyo hasa nilinunua bangili yenu ya dharura, yenye kitufe cha kuitia msaada, kwa Sh 350,000, na kila mwezi nalipa Sh 25,000 sijaruka hata mmoja. Mama akaanguka. Saa 7:42 usiku akabonyeza kitufe, akakishikilia mpaka kikatetema kama fundi wenu alivyomfundisha. Mhudumu wenu akapokea. Akauliza maswali, hakupata majibu aliyoyataka, akamwambia mama aache kuchezea kifaa, akafunga. Saa 7:44 mkanitumia ujumbe: "Tahadhari imefungwa. Imebonyezwa kimakosa." Nilikuwa usingizini. Nilipokuja kuusoma, jirani alikuwa ameshanipigia.

Jirani huyo alikuwa akienda msikitini baada ya adhana ya alfajiri. Akasikia kitu kinagongwa nyuma ya ukuta wa uani kwetu. Alimkuta mama amelala ubavu kwenye saruji iliyolowa, mkono wa kushoto umeshika kopo la kuogea, anagonga nalo sakafu. Mdomo wa kopo ulikuwa umeshapasuka. Saa tatu nzima, Mkurugenzi. Nyonga imevunjika. Namba ya jirani huyo ndiyo ya kwanza kwenye fomu yenu, juu hata ya namba yangu. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na uchochoro ambao watu wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani ndipo mwenzake apite. Angepigiwa saa 7:45, saa 7:47 angekuwa amesimama mbele ya mama.

Neno "kimakosa" limenikaa kooni. Kiharusi kilimwondolea mama nguvu za upande wote wa kulia. Bangili ikivaliwa mkono wa kushoto, mkono wa kuibonyeza hana. Niliomba ile ya kuning'iniza shingoni, nikaambiwa stoo imekwisha, nisubiri. Nimesubiri tangu Julai. Kwa hiyo mama alijifunza kubonyeza kwa kidevu. Tulifanya mazoezi naye sebuleni jioni nyingi: ananyanyua mkono, anainamisha uso, anakandamiza kitufe mpaka kitetemeke, kisha ananitazama kama mtoto aliyepatia hesabu. Naomba mnijibu kwa maandishi: mtu anabonyezaje kwa kidevu kimakosa, saa saba usiku?

Nimepiga simu kwenu mara tatu na nimepewa sababu tatu. Kwanza chaji iliisha. Pili mtandao wa huku Kusini unasumbua. Tatu sensa, yaani kihisi cha ndani ya bangili, haikusoma anguko, kwa hiyo mfumo ukaona ni kubonyeza tu. Chaji: ujumbe wenu wenyewe wa saa 7:44 unaonyesha asilimia 61. Mtandao: ulioleta sauti ya mhudumu wenu ikasikika wazi mpaka bafuni Mikindani ungeshindwaje kumfikia jirani wa pale pale? Na hiyo sensa, fundi wenu alinieleza siku ile ile ya kutufungia. Inasoma mwili ukishuka ghafla, ukagonga chini, halafu ukatulia. Mama hakuanguka hivyo. Aliegemea ukuta, goti likaishiwa nguvu, akaburuzika nao taratibu hadi nyonga ikaishia kwenye ukingo wa saruji. Kitufe kimewekwa kwa ajili ya anguko la namna hiyo. "Sensa ikikosa, kitufe kipo," ndivyo alivyosema. Kitufe kilifanya kazi. Bangili ilifanya kazi. Aliyeshindwa kazi ni mtu wenu.

Sasa narudi kwenye zile dakika mbili, maana nimezisikia kwa masikio yangu.

Tarehe 21 nilifika kwa wakala wenu mjini. Kijana wa mezani alitaka kunithibitishia kwamba "mteja hakuomba msaada." Akaifungua rekodi kwenye kompyuta yake, sauti juu, wateja wanne wako kwenye benchi nyuma yangu. Hakuniuliza kama nataka isikike. Hakuniuliza kama niko tayari.

Lazima nieleze jambo moja hapa, ingawa mlipaswa kulijua, kwa sababu nililiandika kwenye fomu kwa herufi kubwa. Tangu augue, mama amebakiwa na neno moja tu linalotoka zima: "jamani." Akitaka maji ni jamani. Akifurahi mjukuu akija ni jamani. Akiumwa ni jamani, lakini hilo lina mvuto wake, na yeyote aliyekaa naye siku mbili analitambua. Niliandika: HAWEZI KUONGEA, ANASEMA NENO MOJA TU, AKIBONYEZA MPIGIENI JIRANI MARA MOJA, MSISUBIRI AJIELEZE.

Rekodi inaanza na mlio wa kengele. Halafu maji yanadondoka kwenye ndoo, tone, tone. Mhudumu anasema, "Haloo, dharura, nikusaidie nini?" Mama anasema, "Jamani." Mhudumu anauliza jina. "Jamani." Anauliza yuko wapi, wakati ramani iko mbele yake kwenye kioo. "Jamani, jamani." Hapo sauti ya mama inapanda, kisha inakatika kama mtu anayevuta pumzi akiwa amebanwa. Mhudumu anashusha pumzi, inasikika kabisa, kisha anasema: "Jamani nini, bibi? Kama huna shida usiwe unachezea hicho kifaa, kuna watu wana matatizo ya kweli." Mama anasema tena, kwa sauti ya chini sasa, "Jamani. Jamani. Jamani." Halafu mlio wa kukatwa simu.

Mara saba. Nilizihesabu nikiwa nimeshika meza ya wakala wenu.

Kiharusi kilichukua ulimi wa mama, masikio hakikuyagusa. Anaelewa kila anachoambiwa. Alilielewa neno "unachezea," akiwa amelala kwenye maji na mfupa umevunjika, na akabaki nalo kwa saa tatu. Daktari ametueleza hatari ya mzee kulala chini muda mrefu namna ile: vidonda, kukaukiwa maji, misuli kuharibika hadi figo kulemewa. Hayo anayafuatilia yeye. Mimi nafuatilia jambo jingine. Wodini muuguzi alimwekea kengele ya kitandani karibu na mkono wake wa kushoto. Mama aliisogeza mbali, akageukia ukutani. Usiku alijikojolea kuliko kuibonyeza. Mama yangu, mwanamke aliyeuza samaki ufukweni miaka thelathini na hakuwahi kumwogopa mtu, sasa anaogopa kuita.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai mambo mawili: mnirudishie fedha zangu na mniombe radhi kwa maandishi. Nimeyasoma niliyoandika hapo juu, na naona hayo hayatoshi.

Fedha zote nilizolipa zirudi, kifaa na ada za kila mwezi. Gharama za upasuaji wa nyonga, dawa na usafiri mzilipe nyinyi. Risiti ninazo zote, hata ya bajaji. Radhi msiniombe mimi. Msimamizi wa kituo chenu asafiri hadi Mtwara, akae kando ya kitanda cha mama, amwambie kwa mdomo wake kwamba hakuwa anachezea. Na kila mteja wenu asiyeweza kuongea, popote alipo, apitiwe fomu yake wiki hii, kengele yake ikilia apigiwe mtu wa karibu kabla ya kuulizwa jina. Mimi mwenyewe niliwaletea wazee watatu kutoka Mikindani na Naliendele. Nimeshapita nyumba zote tatu kuwaambia watoto wao yaliyotokea.

Nilikuwa niwape siku 14, sawa na zile mlizonikalisha bila jibu. Nimebadili. Nawapa hadi saa kumi jioni, Jumatatu tarehe 8 Desemba. Msinijibu kwamba kesho yake ni sikukuu ya Uhuru. Baada ya saa hiyo barua hii inakwenda Tume ya Ushindani, kwa kuwa mliniuzia ulinzi usiokuwepo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji. Nyingine inakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sababu sauti ya mgonjwa si kitu cha kuwasikilizisha watu kwenye benchi. Sheria ya mwaka 2022 ipo na wakili wangu ameshaisoma. Yeye pia ana nakala, na hatangoji nimkumbushe.

Naidai pia nakala ya rekodi ya saa 7:42 hadi 7:44 usiku wa tarehe 18 Novemba, nzima, bila kukatwa. Nimewaandikia kuhusu rekodi hiyo leo, nitakuwa na ushahidi kwamba mmeipokea barua hii, na waliokuwa kwenye benchi siku ile nawafahamu wawili. Msiifute.

Wako mteja,
kwa niaba ya mama yangu