Karatasi za mazoezi zisiwe za kuwanyamazisha watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi karatasi za mazoezi tunazoprinti au kutoa fotokopi na kuwagawia watoto darasani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na wala sizipingi, nazitumia sana tu, ila zinavyotumika sehemu nyingi inaniuma, maana karatasi imegeuka kitu cha kuwafanya watoto watulie na mzazi aone faili limejaa.

Chukua hesabu za kutoa. Mtoto anapewa 68 kutoa 25, 97 kutoa 43, 59 kutoa 36, ukurasa mzima wa hivyo, anapata zote, tiki tupu. Kesho yake mpe 52 kutoa 27 anakuandikia 35. Kwa nini? Kwa sababu yeye siku zote anatoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, 7 kutoa 2 ni 5, 5 kutoa 2 ni 3, kamaliza. Ule ukurasa wa jana haukuweza kumgundua kwa sababu hakuna hata swali moja lililomtaka akope! Na hili sio jipya jamani, watafiti Brown na Burton kule Marekani waliandika tangu 1978 kwamba makosa mengi ya namna hii mtoto habahatishi, ana kanuni yake aliyojiwekea, sema tu ni kanuni yenye kosa na anaifuata vizuri kabisa. Sasa mpe huyo maswali 20 ya kukopa ayafanye peke yake mwalimu akiwa mezani anasahihisha madaftari mengine, atalikaza kosa lake mara 20.

Kusoma nako hivyo hivyo. Andika "Zungwe hubeba mpangu asubuhi" halafu uliza zungwe hubeba nini, mtoto atajaza mpangu na tiki atapata, wakati hayo maneno nimeyatunga hapa hapa na hayana maana yoyote. Maswali ya kujaza nafasi mengi yanajibika hivyo, mtoto anaangalia sentensi ilivyokaa tu basi.

Mimi naweka maswali 5 au 6, ya kukopa na yasiyo ya kukopa yamechanganywa, na moja naliweka limeshafanywa tayari ila kwa makosa, watoto watafute palipoharibika na waseme kwa mdomo kwa nini. Wanaanza kila mtu peke yake halafu wawili wawili, mimi nazunguka nasikiliza, na kelele zinakuwepo ndio, lakini ni kelele za kubishana kuhusu hesabu. Wenzangu wenye darasa lililofurika watasema haiwezekani, nawaelewa, ila karatasi fupi ndo inayowafaa zaidi wao maana unaweza kuimaliza kusahihisha siku hiyo hiyo na kesho ukajua umrudishe nani nyuma.

Kwa hiyo wakuu wa shule na wakaguzi, nawaomba msimpime mwalimu kwa wingi wa karatasi kwenye faili, ingieni darasani mkae na watoto wawili watatu mwasikilize. Na wazazi, mtoto akirudi na karatasi yenye tiki zote mpongeze, halafu chagua swali moja umwambie akueleze alilifanyaje hadi akapata hilo jibu, akikwama njoo uniambie.

Mwalimu wa shule ya msingi