Barua kwa mwanangu: simu 17 za Jumanne

Hombolo, Dodoma
Jumapili, Januari 19, 2025

Mwanangu, mama yangu,

Mbukwa! Huku hatujambo sote. Bibi yako anakusalimu sana. Miguu inamsumbua kwa unyevu huu wa mvua, lakini anakula vizuri. Mama yako yuko kwaya. Barua hii nimempa kijana wa jirani anayeshuka Dar kesho kwa treni ya mwendokasi, amesema ataifikisha mpaka kazini kwako. Usishtuke kuona karatasi, hakuna msiba. Nimeamua kuandika kwa sababu maneno haya kwenye simu hayafiki mwisho. Nikianza tu, mteja amesimama dirishani kwako, unaniambia "Baba, nitakupigia." Au salio linakata. Au wingu linafunga huku na mtandao unapotea.

Nataka tuzungumze habari ya Jumanne.

Jumanne nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda kupulizia mizabibu salfa. Mvua zikifuatana namna hii, ubwiri unga hausubiri mtu. Ukichelewa siku chache unakuta vichala vyote vimepakwa unga mweupe, punje zinapasuka zingali changa, na mwaka umekwenda hivyo. Siku za kupulizia dawa siendi na simu. Unakumbuka ile ya kwanza uliyoninunulia ilivyotumbukia kwenye ndoo. Kwa hiyo niliiacha chumbani, kwenye chaji.

Saa nne na nusu hivi nikamwona shangazi yako anakuja mbio katikati ya mizabibu. Shangazi yako wa Chang'ombe, mwanangu, mwenye presha. Kanga imemvuka begani inaburuta kwenye tope, kiatu kimoja kakishika mkononi. Nyuma yake balozi, na nyuma ya balozi kijana wa bodaboda aliyeacha pikipiki inanguruma barabarani. Aliponiona nimesimama na bomba mgongoni, alikaa chini palepale kwenye matope, akalia kwa sauti. Hakuweza kusema neno. Nikajua mama yetu amefariki. Nikalivua bomba, nikapiga magoti mbele yake, na mimi nikaanza kulia. Ilichukua muda balozi kutuelewesha kwamba aliyedhaniwa amekufa ni mimi.

Nilipofika nyumbani nikaitazama simu. Simu 17 ambazo hazikupokelewa, zote zako, kuanzia saa mbili na dakika tano mpaka saa tatu kasoro dakika kumi. Dakika 45, mama. Ndani ya dakika hizo umempigia mama yako ukamkuta chaji imemwishia, ukampigia katekista, ukampigia balozi, ukampigia shangazi yako akiwa peke yake nyumbani. Na ulichotaka kuniuliza ni kama hela ya mbolea imeingia. Iliingia, nashukuru sana, na ya kutolea uliweka.

Sikukemei. Hofu yako naijua ilikotoka, maana mimi niliwahi kuibeba kabla yako, na hili sijawahi kukusimulia lote.

Ulikuwa bado mdogo, huwezi kukumbuka. Baba yako mdogo alikuwa kibarua Dar na alituma salamu kwamba atapanda treni ya Jumapili. Jumatatu ile, Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima karibu na Msagali, ikaanza kurudi nyuma yenyewe, ikashika kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo upande wa Igandu. Walikufa watu zaidi ya 200. Sisi tulisikia kwenye redio. Mjini wapo waliokuwa na simu za mkononi, wachache, lakini huku kwetu hakuna aliyekuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, baba yako mdogo ningempigia wapi? Nilikwenda mjini ambako miili ilipangwa ndugu waje kuitambua. Nilipita mstari kwa mstari. Nilikuwa naangalia miguu kwanza, kwa sababu alikuwa na kovu la jembe kwenye kifundo, na nyuso sikuweza kuziangalia moja kwa moja. Sikumwona. Nikaambiwa wako ambao hawatambuliki. Nikarudi nyumbani, tukatandika mikeka, watu wakaanza kuja.

Siku ya nne akashuka kwenye basi. Tajiri wake alikuwa hajamlipa, akaahirisha safari. Bibi yako alimshika uso kwa mikono miwili, hakusema chochote, akawa anauchunguza tu kama anahesabu. Ukimwona hata leo akimshika baba yako mdogo mashavu kila anapokuja, ndiyo sababu.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba zamani bila simu tuliishi vizuri. Wazee wenzangu wanasema hivyo kwenye vikao na mimi nawabishia. Sekunde kumi za simu zingetuondolea siku zile zote. Na mwaka juzi mama yako alipobanwa kifua usiku wa manane, ni simu iliyomtoa kijana wa bodaboda kitandani, na ni simu iliyoleta hela yako kabla hatujafika mapokezi. Kabla huduma hizi za kutuma pesa hazijaanza hapa nchini mwaka 2008, hela ya mgonjwa ilikuwa inatiwa kwenye bahasha na kupewa kondakta wa basi, unakwenda kusimama stendi ukiomba Mungu awe mwaminifu.

Hata zabibu. Zamani mnunuzi alikuja na gari mpaka shambani akatuambia mjini bei imeanguka, nasi tukampa, maana zabibu iliyoiva haiwezi kungoja wiki. Sasa akianza maneno hayo nampigia mwenzangu wa Mpunguzi, nauliza wao wameuza kwa ngapi, mnunuzi akiwa amesimama palepale ananisikiliza. Bei inapanda kabla sijakata simu.

Ninachosema ni kwamba hofu yangu ya mwaka 2002 ilikuwa na treni iliyoanguka. Yako ya Jumanne ilikuwa na nini? Ilikuwa na baba ambaye yuko shambani mwezi wa Januari, mahali ambapo amekuwa kila Januari tangu hujazaliwa. Simu imekuzoesha kunipata kila unaponitaka, basi siku usiponipata unaona nimekufa. Nisipopokea, jiulize kwanza: baba saa hizi huwa anafanya nini? Wewe umekulia humu, majibu unayo. Ngoja mpaka jua lizame. Likizama bado kimya, mpigie balozi. Shangazi yako usimpigie kabisa kwa jambo la hofu, presha yake haiwezi. Alilala kwetu siku mbili ndipo ikashuka.

Hofu hiyohiyo ndiyo wanayoila matapeli. Mama yako hakukuambia, aliona aibu. Mwezi wa Novemba aliletewa ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Siku hiyohiyo asubuhi ulikuwa umemwomba akuongezee kodi ya chumba, kwa hiyo hakuwa na shaka kwamba ni wewe umekwama na umeazima simu ya mtu. Alikwenda kwa wakala anakimbia, na shilingi 80,000 amezifunga kwenye pindo la kanga. Binti wa pale ndiye aliyemwokoa. Alimuuliza, "Mama, mwanao umemsikia sauti?" Mama yako akanyamaza, kisha akakupigia kwa simu ya yule binti, nawe ukashangaa anakupigia kukuuliza hujambo. Laini zote tulisajili kwa alama za vidole. Mimi vidole vyangu vimesuguliwa na jembe mpaka mashine ikawa haivisomi, nikarudi mara tatu kabla ya mwisho uliowekwa, Januari 20, 2020. Na bado wezi wana laini! Yule binti alitufundisha kuutuma ujumbe wa namna ile kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Nawe ufanye hivyo, na tukubaliane leo: hakuna hela inayotoka kwangu wala kwa mama yako bila kuisikia sauti yako.

La mwisho ni la Krismasi, na hili ndilo limenikaa zaidi.

Usiku ule baada ya ugali wa uwele na mlenda, bibi yako alianza habari ya njaa ya Mtunya, ile iliyoiangamiza Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, kama alivyosimuliwa na mama yake. Wewe ndiye uliyemwomba. Amefika katikati, simu yako ikalia ujumbe, ukainama. Ukawa unatabasamu na ile simu. Mkono wake bibi ulikuwa juu, anaonyesha ukubwa wa kibuyu, akaushusha polepole mpaka kwenye paja. Akauliza kama mbuzi wamefungwa vizuri, akaingia ndani kulala. Wewe ulipoinua kichwa ukadhani hadithi imeisha.

Najua hukukusudia. Lakini ukiwa Dar unanipigia mara 17 ndani ya asubuhi moja, na ulipokuwa nasi, mkeka mmoja, hatukukupata.

Naomba hivi. Jumapili saa moja jioni, mbuzi wakiwa wamefungwa na kwaya imerudi, niwekee muda. Usiwe kwenye daladala, usiwe unapika. Nitakaa nyuma ya nyumba chini ya mkwaju, mtandao unashika vizuri pale, na simu nitakuwa nimeichaji tangu mchana. Bibi yako nitamketisha karibu nami. Nimemwambia utapiga, na amekubali kuendelea pale alipoachia: mama yake amebakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama, watoto wanalia, na usiku ule anaondoa mafiga jikoni ili achimbe chini yake.

Baba yako